USS Constitution

USS Constitution ni manowari ya matanga ya Jeshi la Majini la Marekani. Ilishushwa majini mjini Boston, jimbo la Massachusetts, tarehe 21 Oktoba 1797, na hadi leo inaelea katika bandari ya mji huohuo. Ni meli ya kivita kongwe kuliko zote duniani ambayo bado imo katika orodha ya meli za jeshi na bado inaelea. Inajulikana pia kwa jina la utani "Old Ironsides", maana yake "Mzee mwenye mbavu za chuma", ingawa mbavu zake zote ni za mbao.

Meli nyingi za mbao za wakati ule zilioza, zilizama au zilivunjwa baada ya miongo michache. Constitution imedumu zaidi ya karne mbili. Mbao zake ni ngumu kweli, lakini ugumu huo peke yake usingetosha. Imedumu kwa sababu mabaharia na mafundi hawajaacha kuitengeneza bandarini, na kwa sababu kila ilipotaka kutupwa walipatikana watu wa kuitetea. Makala hii inaeleza historia ya meli kwa ufupi, kisha jinsi inavyotunzwa.

Muundo

Constitution ni moja kati ya frigeti 6 zilizoagizwa na Bunge la Marekani kwa sheria ya mwaka 1794. Frigeti ilikuwa manowari ya ukubwa wa kati, yenye milingoti mitatu na mizinga iliyopangwa ubavuni. Msanifu wake mkuu alikuwa Joshua Humphreys wa Philadelphia. Nchi changa ya Marekani haikuwa na uwezo wa kujenga meli nyingi kama Uingereza. Kwa hiyo Humphreys alitaka meli chache, lakini ndefu, nene na zenye mizinga mikubwa kuliko frigeti za kawaida, ili ziweze kuzishinda meli za ukubwa wake na kuzikimbia zile kubwa zaidi.

Vipimo vyake vikuu ni hivi:
- Urefu kutoka ncha ya mbele hadi ncha ya nyuma, pamoja na miti ya matanga: mita 93
- Upana: mita 13 na nusu hivi
- Kimo cha mlingoti mkuu: mita 67
- Uzito: tani 2,200 hivi
- Mabaharia wakati wa vita: watu 450 hivi, pamoja na askari wa majini na wavulana
- Mizinga: ilihesabiwa kuwa meli ya mizinga 44, lakini mara nyingi ilibeba zaidi ya 50

Ubavu wa meli una tabaka tatu. Tabaka la nje na la ndani ni mbao za mwaloni mweupe. Katikati kuna mataruma, yaani mbavu za meli, yaliyochongwa kutoka aina nyingine ya mwaloni inayoota kwenye pwani ya kusini mashariki ya Marekani. Mti huo hauachi majani wakati wa baridi, na mbao yake ni nzito na ngumu sana. Matawi yake hukua yakiwa yamepinda, jambo linalofaa kwa kuchonga taruma bila kukata nyuzi za mbao. Miti ya kujengea Constitution ilikatwa katika visiwa vya pwani ya Georgia, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na Waafrika waliokuwa utumwani. Mataruma yalipangwa karibukaribu sana, hivi kwamba ubavu wote ulifikia unene wa sentimita 53 na zaidi.

Misumari na vyuma vya shaba vya kuunganishia mbao vilitengenezwa na Paul Revere, mfua vyuma wa Boston anayekumbukwa pia katika historia ya mapinduzi ya Marekani.

Historia kwa ufupi

Vita

Constitution ilisafiri baharini mara ya kwanza mwaka 1798. Kuanzia mwaka 1803 ilikuwa meli kuu ya kikosi cha Edward Preble katika Bahari ya Mediteranea, wakati wa vita dhidi ya Tripoli.

Sifa yake kubwa ilitokana na vita kati ya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812. Tarehe 19 Agosti 1812 ilipambana na frigeti ya Kiingereza HMS Guerriere. Inasimuliwa kwamba mabaharia waliona risasi za mizinga zikigonga ubavu na kuanguka baharini, wakapiga kelele kwamba mbavu zake ni za chuma. Hapo ndipo jina la utani lilipoanzia. Desemba mwaka huohuo iliishinda HMS Java karibu na pwani ya Brazil, na Februari 1815 iliziteka meli mbili, HMS Cyane na HMS Levant, katika pambano moja.

Safari ya kuzunguka dunia na Zanzibar

Ilipangwa kwamba meli izunguke dunia. Fundi aliyeikagua alikadiria kwamba matengenezo ya kuiwezesha kusafiri yangegharimu dola 70,000. Nahodha John Percival alisema anaweza kuitengeneza kwa dola 10,000, akapewa kazi hiyo na kuongoza safari.

Meli iliondoka New York mwezi Mei 1844. Baada ya Brazil ilipita Madagaska, Msumbiji na Zanzibar, kabla ya kufika Sumatra tarehe 1 Januari 1845. Wakati huo Zanzibar ilikuwa chini ya Sayyid Said, sultani wa Omani, aliyekuwa amefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Wafanyabiashara wa Massachusetts walikuwa wageni wa kawaida visiwani: walileta kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani na kununua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Meli ilirudi Boston mwaka 1846 baada ya siku 495 za kusafiri baharini na mwendo wa zaidi ya kilomita 80,000.

Kati ya mwaka 1853 na 1855 ilikuwa meli kuu ya kikosi cha Marekani katika pwani ya magharibi ya Afrika, kilichopewa kazi ya kuzuia biashara ya watumwa. Novemba 1853 iliikamata meli ya watumwa H. N. Gambrill karibu na Angola.

Kuokolewa mara tatu

Baada ya vita kwisha, adui mkubwa wa meli alikuwa uchakavu na gharama zake. Mara tatu ilikaribia kupotea.

Mwaka 1830 gazeti moja liliandika kwamba meli itavunjwa. Kijana wa miaka 21, Oliver Wendell Holmes, alitunga shairi la kuitetea lililochapishwa Boston mwezi Septemba mwaka huo na kusambaa nchini kote. Watu walipaza sauti, na fedha za matengenezo zikatolewa.

Mwaka 1905 Waziri wa Jeshi la Majini, Charles Bonaparte, alipendekeza meli ivutwe hadi baharini na kutumiwa kama shabaha ya mazoezi ya mizinga. Mfanyabiashara Moses Gulesian wa Massachusetts alijibu kwa kutaka kuinunua kwa dola 10,000. Wananchi wengi walipinga pendekezo la waziri, na mwaka 1906 Bunge lilitoa dola 100,000 za kuitengeneza. Mwaka uliofuata ilianza kupokea wageni kama makumbusho.

Mara ya tatu ilikuwa miaka ya 1920. Mbao zilikuwa zimeoza kiasi kwamba maji yaliyoingia yalipaswa kupigwa pampu mara kwa mara ili meli isizame gatini. Mwaka 1925 ilianzishwa kampeni ya kuchangisha fedha, na watoto wa shule walichanga senti zao. Michango ya watoto ilifika dola 148,000. Kazi yote iligharimu zaidi ya dola 900,000, na sehemu iliyobaki ilijazwa na michango mingine pamoja na fedha za Bunge. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1931 na 1934, meli ilivutwa hadi bandari 90 hivi za Marekani, na watu zaidi ya milioni 4 walipanda kuitazama. Wengi wao walikuja kuiona meli waliyoichangia.

Mwaka 1954 sheria iliweka jukumu la kuitunza mikononi mwa Waziri wa Jeshi la Majini. Tangu hapo utunzaji wake haujategemea tena michango peke yake.

Kwa nini meli ya mbao huharibika

Watu wengi hudhani kwamba meli inayokaa bandarini hupumzika. Kwa meli ya mbao sivyo. Hata isipong'oa nanga, inashambuliwa kutoka pande kadhaa.

Maji ya mvua. Maji ya chumvi hudhuru mbao kidogo kuliko maji baridi. Mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya kwenye viungo vya sitaha na kutuama ndani mahali pasipo na hewa. Hapo kuvu huota na kuila mbao. Kwa nje ubao unaweza kuonekana mzima, kumbe ndani umekuwa laini kama sifongo.

Jua. Jua hukausha mbao, nazo husinyaa. Nafasi kati ya ubao na ubao hupanuka, na mvua inayofuata hupata njia ya kuingia.

Wadudu wa baharini. Kuna kiumbe wa baharini mwenye umbo la mnyoo ambaye kwa kweli ni jamaa ya chaza na kombe. Huingia katika mbao akiwa mdogo sana, kisha hutoboa njia ndefu akiendelea kukua. Tundu la kuingilia halionekani kirahisi, hivyo ubao unaweza kuliwa wote ndani bila dalili kubwa kwa nje.

Uzito wa meli yenyewe. Sehemu ya katikati ya meli ni pana na huinuliwa na maji kwa nguvu zaidi kuliko omo (mbele) na shetri (nyuma), ambazo ni nyembamba. Kwa miaka mingi ncha mbili hushuka na katikati huinuka, mpaka mkuku, yaani uti wa chini wa meli, unapinda kama mgongo wa paka aliyekasirika. Humphreys alilijua tatizo hili. Aliweka ndani ya meli mihimili mikubwa ya mshazari, 6 kila upande, kuanzia karibu na mkuku hadi chini ya sitaha, ili kubeba uzito wa mizinga na kuzuia mgongo kupinda. Baadaye mihimili hiyo iliondolewa wakati wa matengenezo, na mkuku ukapinda kwa zaidi ya sentimita 30. Katika ukarabati wa miaka ya 1990 mihimili ilirudishwa kama ilivyochorwa mwanzoni, na meli ikawa imara zaidi.

Kazi za matengenezo

Meli imefungwa katika gati la Charlestown, mahali palipokuwa kiwanda cha meli cha jeshi kuanzia mwaka 1800 hadi 1974. Kazi zimegawanywa kati ya makundi mawili: mabaharia wa jeshi, na mafundi raia wa idara ya historia ya Jeshi la Majini.

Mabaharia

Mabaharia wa Constitution ni askari wa kawaida wa jeshi wanaotumikia hapo kwa muda kabla ya kuhamishiwa meli nyingine. Idadi yao ni makumi kadhaa tu, si 450 kama zamani. Wakati wa sherehe huvaa sare za mtindo wa mwaka 1812. Mwaka 2022 Billie J. Farrell alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza meli hii.

Kazi zao za kila siku ni pamoja na:
- kuosha na kufagia sitaha, na kuondoa theluji wakati wa baridi kabla haijayeyuka
- kuangalia maji ya ngama, yaani maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya meli
- kupaka rangi na kung'arisha vyombo vya shaba
- kukaza au kulegeza kamba za gatini, kwa kuwa maji ya Boston hujaa na kupwa kwa mita 3 hivi mara mbili kwa siku
- kupiga mzinga asubuhi wakati wa kupandisha bendera na jioni wakati wa kuishusha
- kulinda meli usiku na mchana, hasa dhidi ya moto
- kuongoza wageni na kuwaeleza historia

Pia hujifunza kazi ambayo meli nyingine za jeshi zimeisahau: kupanda milingotini, kutembea juu ya kamba zilizofungwa chini ya foromali, kufungua matanga na kuyakunja. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Kufungua tanga moja kunahitaji watu juu ya foromali na watu wengine chini wakivuta kamba kwa pamoja, na kila mmoja lazima ajue jina la kamba yake bila kuuliza. Kwa sababu hiyo jeshi huwaleta hapo pia askari wanaokaribia kupandishwa cheo, ili wajifunze kufanya kazi kwa pamoja kama mabaharia wa zamani.

Mafundi

Matengenezo makubwa hufanywa na mafundi raia: maseremala wa meli, mafundi wa kamba, wahunzi na wapaka rangi. Mabaharia huja na kuondoka baada ya miaka michache, lakini mafundi wengi hukaa muda mrefu. Wao ndio wanaorithishana ujuzi, kwani si rahisi kumpata mahali pengine mtu aliyezoea kuchonga taruma la mwaloni au kufunga kamba za mlingoti wa mita 67.

Kukalafati

Kukalafati ni kuziba nafasi zilizo kati ya ubao na ubao. Fundi husafisha kwanza nafasi kwa kuondoa takataka na lami ya zamani. Kisha huingiza pamba, na baada yake nyuzi za kamba zilizolowekwa lami, akizishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Juu yake hupakwa lami au gundi ya kuzuia maji. Nyuzi zikishindiliwa kidogo, maji hupita. Zikishindiliwa kupita kiasi, mbao husukumana na kiungo huharibika. Fundi mzoefu hutambua kiasi kinachofaa kwa mlio wa nyundo.

Kamba, milingoti na foromali

Kamba za meli hii ni za aina mbili. Za kwanza hazisogei: kazi yake ni kushikilia milingoti isianguke. Za pili hupita katika kapi na huvutwa ili kupandisha, kushusha au kugeuza matanga na foromali. Zamani kamba zilitengenezwa kwa nyuzi za mimea. Siku hizi nyingi ni za nyuzi za viwandani zenye sura ileile, kwa kuwa hazinyonyi maji na hudumu zaidi.

Kamba zinazoshikilia milingoti hulindwa kwa utaratibu wa kale. Fundi hujaza kwanza mifereji ya kamba kwa uzi mwembamba, kisha huivika vipande vya kitambaa, na mwisho huizungushia uzi uliokazwa sana kuanzia ncha hadi ncha. Baada ya hapo hupakwa dawa nyeusi. Mvua ikinyesha, maji huteleza juu bila kufika kwenye kiini.

Kwa zamu, foromali na sehemu za juu za milingoti huteremshwa hadi gatini ili kukaguliwa. Fundi hugongagonga mbao na kusikiliza: mbao nzima hulia kwa sauti kavu, iliyooza hutoa sauti nzito ya uwazi. Sehemu mbovu hukatwa na kuungwa kwa kipande kipya, au mti wote hubadilishwa.

Shaba ya chini ya meli

Sehemu ya meli iliyo chini ya maji imefunikwa kwa mabamba ya shaba yaliyopigiliwa misumari. Shaba huwazuia viumbe watoboao mbao wasiifikie, na sumu yake huzuia mwani na viumbe wengine wasijishikize. Mabamba ya kwanza yalinunuliwa Uingereza. Mwaka 1803 yaliwekwa mabamba mapya yaliyotengenezwa Marekani katika kiwanda cha Paul Revere. Shaba nayo huliwa na maji polepole, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa lazima ibadilishwe.

Gudi

Kazi za chini ya maji haziwezi kufanywa gatini. Kila baada ya miaka 20 hivi meli huingizwa katika gudi, yaani shimo kubwa lililojengwa kando ya bandari na lenye lango linaloweza kufungwa. Gudi namba 1 la Charlestown limejengwa kwa mawe ya graniti. Lilifunguliwa tarehe 24 Juni 1833, na meli ya kwanza kuingia ilikuwa Constitution yenyewe.

Maji yakijaa, meli huvutwa ndani na lango hufungwa. Kisha maji hutolewa kwa pampu, polepole, huku wapiga mbizi na mafundi wakihakikisha kwamba mkuku unakaa sawasawa juu ya magogo yaliyopangwa chini. Kosa dogo hapa linaweza kuvunja meli ambayo mizinga haikuweza kuivunja. Magogo mengine huwekwa ubavuni ili isilale upande.

Mara ya karibuni iliingia gudini tarehe 18 Mei 2015 na kutoka tarehe 23 Julai 2017. Katika kipindi hicho zilibadilishwa mbao za ubavu zipatazo 100 na mabamba ya shaba 2,200. Wageni waliruhusiwa kuandika majina yao kwenye baadhi ya mabamba kabla hayajapigiliwa, hivyo majina hayo sasa yako chini ya maji ya bandari.

Kugeuzwa kwa meli

Kila mwaka, hasa tarehe 4 Julai ambayo ni siku ya uhuru wa Marekani, meli huvutwa na boti maalumu hadi mlangoni mwa bandari, hupiga mizinga 21 na kurudi. Watu hukusanyika ufukweni kuitazama. Lakini safari hii ina faida ya kiufundi pia: meli hurudishwa gatini ikielekea upande wa pili. Kama ingekaa upande mmoja siku zote, ubavu mmoja ungepigwa na jua na upepo zaidi na kuchakaa haraka kuliko mwingine.

Ni mara chache sana inatumia matanga yake. Tarehe 21 Julai 1997, katika maadhimisho ya miaka 200, ilisafiri kwa matanga bila kuvutwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1881. Ilifanya hivyo tena tarehe 19 Agosti 2012, miaka 200 baada ya pambano na Guerriere.

Mbao zinatoka wapi

Ubao wa ubavu wa Constitution unaweza kuwa na urefu wa mita 10 na zaidi, na lazima utoke kwenye mti ulionyooka usio na mafundo mengi. Miti ya namna hiyo haipatikani sokoni kila siku. Kwa sababu hiyo mwaka 1976 ulitengwa msitu maalumu wa mialoni mieupe katika kambi ya jeshi ya Crane, jimbo la Indiana, mamia ya kilomita kutoka baharini. Miti hiyo haikatwi kwa matumizi mengine. Kwa ukarabati wa 2015 ilikatwa 35.

Katika ukarabati wa miaka ya 1920 mafundi walikuwa na bahati nyingine. Ilikumbukwa kwamba katika kambi ya jeshi ya Pensacola, Florida, kulikuwa na shehena kubwa ya mbao za mwaloni wa kusini iliyohifadhiwa majini tangu miaka ya 1850. Watu waliopanga akiba hiyo hawakuishi kuona ikitumika. Vivyo hivyo, fundi anayepanda mwaloni leo hatauona ukiwa ubao wa meli.

Je, bado ni meli ileile?

Inakadiriwa kwamba asilimia 10 hadi 15 tu ya mbao za Constitution ni zile za mwaka 1797. Nyingi ziko chini kabisa: mkuku na sehemu za chini za mataruma. Mbao nyingine zote zimebadilishwa, baadhi yake mara kadhaa. Hata mizinga inayoonekana sitahani ni nakala zilizotengenezwa baadaye.

Swali hili ni la kale. Plutarko, mwandishi Mgiriki, alisimulia kuhusu meli ya Theseus iliyohifadhiwa na watu wa Athene, ambao walibadilisha ubao mmoja mmoja kila ulipooza, mpaka wanafalsafa wakabishana kama bado ni meli ileile.

Upande mmoja wa hoja unasema kwamba thamani ya kitu cha kale iko katika vitu vyenyewe, na kila ubao unaotolewa unapunguza historia. Upande mwingine unasema kwamba meli haikuwahi kuwa rundo la mbao zisizobadilika. Hata wakati wa vita ilibadilishiwa milingoti, mbao na shaba, na hakuna aliyesema ni meli mpya. Kwa mtazamo huo kinachohifadhiwa ni umbo, jina, utumishi usiokatika na ujuzi wa mikono. Mafundi hufuata njia ya katikati: ubao wa zamani ulio mzima hauguswi, na mpya huchongwa kwa umbo la ule uliotangulia.

HMS Victory ya Uingereza inaonyesha njia nyingine. Meli hiyo ni kongwe zaidi, kwani ilishushwa majini mwaka 1765, lakini tangu mwaka 1922 imewekwa katika gudi kavu mjini Portsmouth. Haihitaji kuzuia maji kwa chini, ila uzito ambao zamani ulibebwa na bahari sasa unabebwa na nguzo.

Ulinganisho na majahazi ya Afrika Mashariki

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua kazi nyingi zilizotajwa hapo juu. Mafundi wa majahazi wa Lamu, Zanzibar na kwingineko wamekuwa wakikabili adui walewale: mvua, jua na viumbe watoboao mbao. Neno kalafati lenyewe lilitoka katika Kiarabu na lina ndugu katika Kireno na Kiitalia, dalili kwamba kazi hii ilifundishana kutoka bahari moja hadi nyingine.

Tofauti ziko katika vifaa. Jahazi hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Badala ya mabamba ya shaba, sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, unaopaswa kurudiwa kila baada ya muda mfupi. Na badala ya gudi la mawe, chombo hupandishwa ufukweni maji yakijaa na kutengenezwa yakipwa. Njia hii ni nafuu na haihitaji pampu wala lango, lakini haifai kwa meli ya tani 2,200. Kwa pande zote mbili kanuni ni ileile: chombo cha mbao kisipotengenezwa kwa ratiba, bahari hukichukua.

Hali ya sasa

Constitution hupokea mamia ya maelfu ya wageni kila mwaka, na karibu na gati kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1976. Wageni hupanda bure kwenye meli na mara nyingi huwakuta mafundi wakiwa kazini, ubao mmoja umeondolewa na mwingine ukisubiri kuwekwa.

Tazama pia
- Jahazi
- Mtepe
- Manowari
- Boston
- Historia ya Zanzibar